Jirani Aliyeacha Kuniomba

Jirani yangu wa Lodwar aliniomba sukari kabla hatujajuana. Nilikuwa bado nateremsha mabegi kwenye gari la kanisa, jua la utosi, jasho linanitiririka, naye amesimama kwenye ua wa vijiti amenyoosha mkono. "Nakinai," akasema. Nikadhani ndiyo salamu ya kwao, nikamjibu nakinai na mimi, nikitabasamu. Kumbe maana yake ni nipe. Alicheka mpaka akashika ua.

Nilikwenda kujitolea. Mume wangu alikuwa amefariki, watoto wana miji yao, na nyumba yetu ya Voi ilikuwa kimya hadi namsikia mjusi darini. Kanisa lilitafuta mtu wa kupima watoto waliokonda na kuwapikia uji, nami nikasema potelea mbali, naenda. Kazi nilijua nitaiweza. Nilichokitaka moyoni, na sikumwambia mtu, ni kupata hata mmoja wa kunibishia mlango bila kutumwa na ofisi.

Basi huyo mmoja nikampata, na akanitia wazimu. Alikuwa wa rika langu, shanga zimempanda hadi kidevuni, kutwa anasuka vikapu vya majani ya mkoma upande wa pili wa ua. Kila asubuhi ni ejok, ndiyo salamu yao, halafu nakinai. Majani ya chai. Leso niliyojifunga kiunoni. Siku moja aliomba kiti, na mimi nimekikalia! Mimi nimelelewa na mama aliyetuchapa kwa kuomba hata embe kwa jirani, kwa hiyo nilimwona mwanamke huyu hana haya. Mara nilimpa, mara nilimwambia sina na kopo la sukari linaonekana nyuma yangu. Nikimpa hashukuru. Nikimnyima hanuni; anaketi na kunipa habari za dada yake wa Lokiriama na mbuzi wake. Nilimlalamikia padri kwamba jirani ameniona ghala. Padri alicheka tu, asinieleze kitu.

Kisha malaria ikaniangusha. Nililala ndani nikitetemeka, maji ya mtungi yakaisha, na pale kitandani nilimsikia akichana majani yake ya mkoma. Ua wenyewe ni vijiti. Ningekohoa kwa nguvu angesikia. Nikajikaza kisabuni, midomo imenipasuka, mpaka dereva wa kanisa alipokuja kuniulizia na kunipeleka hospitali.

Niliporudi jirani alikuja akasimama mlangoni. Hakuingia.

"Wewe nagonjwa, maji nakwisha, na mimi niko hapa," akasema. "Hata maji hapana omba mimi. Basi wewe ni mgeni."

Nikadhani ananionea huruma. Nikamwambia sikutaka kumsumbua. Akanitazama kidogo, akaenda zake.

Tangu hapo ikawa ejok, basi. Mwanzoni nilimshukuru Mungu. Nikanywa chai yangu kwa raha, kiti changu ni changu. Halafu nikajikuta naweka kopo la sukari nje, juu ya kigoda, mahali pa kuonekana. Nilijifunga leso mpya nikapitapita karibu na ua. Hakuinua macho. Niliumia, sisemi uongo. Watoto wa uji walinizoea, mama zao walinizoea, lakini nikifika nyumbani hapakuwa na mtu wa kunikasirisha.

Baadaye nikahamishiwa Kakuma, kwenye kambi ya wakimbizi. Tulikaa ndani ya uzio, tunapikiwa, tunakula meza moja ndefu. Nje kulikuwa na Kisomali, Kiarabu cha Juba na Kiswahili cha Kongo, na kutwa watu walinieleza shida zao kwenye dirisha la ofisi. Lakini walikuwa wanaliomba dirisha. Angeketi mwingine pale wangemwomba vilevile.

Jioni moja chumvi ilikuwa mbele yangu. Kijana wa ofisini, aliyeketi upande wa pili, hakuniomba nimsogezee. Aliinuka, akaizunguka meza yote, akasema samahani, akaichukua mwenyewe. Adabu tupu. Nami nikaweka kijiko chini, chakula kimenishinda, kwa sababu nilijiona mimi na homa yangu. Yule mama alikuwa ananiomba kama mtu anavyoomba ndani ya nyumba yao, akingoja na mimi nimwombe. Sikumwomba hata maji. Na muda wangu wa kujitolea ulikuwa unakaribia kwisha. Nikiondoka hivyo, Turkana nzima nitakuwa nimepita tu.

Gari la kwanza lililokwenda Lodwar nililipanda. Njia nzima nalitamka lile neno kimoyomoyo. Nilimkuta palepale kwenye ua, kikapu mapajani. Ejok. Ejok. Akaendelea kusuka.

"Nakinai," nikasema.

Mkono wake ukasimama. Akauliza nini. Lo, neno nimelikariri, kitu cha kuomba sikukifikiria! Nikanyoosha kidole kwenye kikapu.

"Hapana," akasema. "Hii ya mtu."

Kavu kabisa, kama nilivyokuwa nikimnyima sukari. Nikabaki nimesimama, machozi yananilenga. Akasuka kidogo, halafu akanitazama kuanzia kichwani akishuka taratibu, mpaka macho yakatua miguuni pangu.

"Nakinai viatu."

"Sina vingine," nikamwambia, nikaketi mchangani kando yake. Hakununa. Akaanza kunieleza habari za dada yake, kwamba mbuzi wamezaa, akabandika chai, na kabla haijachemka dereva alikuwa ananipigia honi.

Jioni ile Kakuma nilikaa mahali pangu, chumvi mbele yangu. Nikamtazama yule kijana, nikamngojea aniombe. Akaona hana chumvi, akasema samahani, akainuka, akaanza kuizunguka meza.