Kichwa Changu kwenye Mwili wa Mwingine

Januari ya mwaka 1983 nilijikuta niko uchi ukutani kwa watu, na mwili haukuwa wangu.

Usicheke. Soma kwanza.

Naitwa Denise Ormerod, mzaliwa wa Oldham, kaskazini mwa Uingereza. Wakati huo nilikuwa na miaka ishirini na minne, na kazi yangu ilikuwa urembo mbele ya kamera. Kalenda, matangazo ya soksi, majarida ya wanaume. Nguo za kuogelea, magauni ya hariri, tumbo ndani, mgongo upinde, shika pumzi, tabasamu.

Watu wanadhani kazi ile ni kujilaza kwenye manyoya. Thubutu! Ni kusimama saa sita kwenye studio yenye baridi, umepakwa mafuta kama mkate, huku unaambiwa ujifanye uko ufukweni Hispania.

Nilikuwa na sharti moja tu. Sivui. Nilimwambia hivyo kila mpiga picha siku ya kwanza. Aliyekunja uso, nilichukua mkoba wangu nikala kona.

Trevor Fairclough hakukunja uso.

"Mpenzi wangu," alisema, maana kwake kila mwanamke alikuwa "mpenzi wangu", "wewe uso tu unatosha. Mwili nitautoa popote."

Nikacheka. Nilidhani ni utani.

Nyumbani nilikaa na baba, Walter, fundi kwenye karakana ya mabasi. Mama alikuwa ameshafariki. Baba hakuipenda kazi yangu, lakini alikuwa akisema, "Maadamu umevaa, mimi simo."

Basi Jumatatu ya kwanza ya mwaka ule, kampuni moja ya matairi ikagawa kalenda mpya pale karakana. Wenzake wakaitundika juu ya meza yake makusudi.

"Walter! Njoo umsalimie binti yako! Mwaka huu hasikii baridi huyu!"

Baba alirudi nyumbani saa sita mchana, mkono una bandeji. Kidole kimoja kilikuwa kimevunjikia kwenye taya la mtu. Akaitupa kalenda mezani, uso chini.

"Ulinidanganya, Denise."

Nikaigeuza.

Uso wangu. Nywele zangu. Hereni za marehemu mama. Na kuanzia shingoni kushuka chini, mwanamke mwingine kabisa, hana hata uzi.

Mimi nina kovu la upasuaji wa kidole tumbo, nililipata nikiwa na miaka tisa. Yule hakuwa na kovu. Alikuwa na baka la kuzaliwa pajani, la kahawia, umbo la harage.

"Baba, tazama! Kovu langu liko wapi hapa?"

Akageukia dirishani. Na wala simlaumu. Baba gani atakodolea macho mwili wa bintiye akitafuta kovu?

Tangu siku hiyo alibeba sahani yake akala chumbani kwake. Wiki kumi tuliishi nyumba moja kama wapangaji.

Nilikwenda kwa Trevor siku hiyohiyo. Nilimkuta anafuta lenzi, hana wasiwasi hata chembe.

"Huu si mwili wangu!"

"Nani kasema?"

"Kovu langu liko wapi?"

"Tumeliondoa kwa brashi, mpenzi wangu. Ndiyo kazi yenyewe. Kila mtu anajua makovu huondolewa."

"Na hili baka?"

Akaniangalia, akatabasamu. "Nenda ukawaonyeshe watu kwamba huna. Panda juu ya meza sokoni, uvue, uthibitishe."

Akaendelea kufuta lenzi.

"Ulitia saini kwamba picha ni mali yangu. Hukusoma? Mngekuwa mnasoma, nyinyi wasichana, mngekuwa walimu."

Jamani, nimewahi kutukanwa. Lakini ile "nyinyi wasichana" iliniingia mpaka kwenye mfupa. Nilitoka pale, na nilipofika kona ya barabara nilikuwa nimeshaamua. Huyu mtu ameniingilia nyumbani kwangu. Na mimi nitaingia kwake.

Trevor alikuwa na mke, Muriel. Mama wa kanisa huyo, kofia na glavu, msimamizi wa maua ya madhabahuni. Nilimwona mara mbili studio. Mara zote mbili alinipita kana kwamba mimi ni stendi ya taa. Kila Alhamisi saa tisa alasiri akina mama wenzake walikusanyika sebuleni kwake kwa chai na keki.

Nikasema, vizuri. Alhamisi.

Sikupiga hodi. Niliwakuta saba, vikombe vya maua magotini, mmoja anasimulia habari za mchungaji. Nikaifungua kalenda katikati ya sandwichi za matango.

"Hii ndiyo kazi ya mume wako, mama! Amechukua kichwa changu akakibandika kwenye mwili wa malaya mmoja asiyejulikana, akauza. Nanyi hapa mnakula keki ya hela hiyo!"

Ee, nilijisikia vizuri! Walivyoduwaa! Mmoja akajifunika macho kwa leso, lakini kwa pembeni anachungulia.

Muriel akaweka kikombe chake mezani. Alivaa miwani. Akainama juu ya meza, akaangalia kwa muda mrefu sana. Kisha kidole chake kikashuka polepole mpaka kwenye lile baka.

"Hili ni langu," akasema.

Nadhani hakujua kama amelisema kwa sauti.

"Fungate letu," akaendelea, hamtazami mtu. "Mwaka sitini na moja. Aliniambia amezichoma. Aliniapia."

Halafu mama mmoja akachukua mkoba wake. Wa pili akakumbuka ana chungu jikoni. Dakika tano baadaye hapakuwa na mtu isipokuwa mimi, Muriel na keki.

Na neno langu. Malaya. Nililitamka mbele ya marafiki zake wote, na mwenyewe ameketi pale.

Nilianza kurudi nyuma kuelekea mlangoni. Akanyanyuka, akanifuata, akanizaba kofi moja takatifu. Sikio likaimba.

"Hilo ni la ulimi wako, na la kuingia kwangu bila hodi," akasema. "Sasa keti, binti. Tuzungumze habari za Trevor."

Nikaketi.

Nataka nikwambie kitu kuhusu wanawake wapole. Usiwaogope wanapofoka. Waogope wanapouliza, "Sukari vijiko vingapi?"

Alinieleza kwamba chama cha wapiga picha cha mji wetu kilikuwa kimempa Trevor medali ya mwaka. Kwa ajili ya picha gani? Ileile! Ya kalenda. Atavishwa mwezi Machi, Jumamosi mchana, kwenye chakula cha watu mia mbili. Na kwa desturi yao, mke ndiye humvisha mumewe.

"Twende tukamwambie leo," nikasema. "Mimi nataka nimwone uso wake leo."

"Leo atakana. Mbele yako na mbele yangu atakana, na kesho atachoma ushahidi. Mtoto akililia wembe, mpe. Mwache avae suti."

Wiki tisa, ndugu msomaji! Wiki tisa yule mama alimpikia, akampigia pasi mashati, akamwuliza siku yake ilikuwaje. Wale akina mama wengine waliona aibu kumtajia Trevor jambo lile. Muriel sijui aliwezaje. Mimi ningemtia sumu kwenye uji.

Trevor alisahau jambo moja. Wakati wanaanza maisha, aliyekuwa akisafisha picha zote kwenye chumba cha giza ni Muriel. Kila chupa ya dawa aliijua. Mumewe alipotoka kwenda kupiga picha za harusi, yeye aliingia na taa nyekundu. Akakuta negativu za fungate kwenye kopo la biskuti. Akakuta na yangu pia, niliyovaa nguo ya kuogelea ya kijani. Akasafisha picha kubwa mbili.

Ile yake aliifunika yote kwa rangi nyeusi, akaacha sehemu mbili tu: uso wake wa ujana, na lile baka.

Jumamosi ikafika. Mimi niliingia kwa mlango wa jikoni, nimevaa koti jeusi lililofungwa hadi kidevuni. Niliposikia jina la Trevor linatajwa, nikasogea hadi mlangoni mwa ukumbi.

Makofi. Trevor akapanda jukwaani, kifua mbele, tai ya kipepeo. Nyuma yake kalenda imekuzwa, imetundikwa. Muriel akapewa medali amvishe. Hakumvisha. Akageukia kipaza sauti.

"Nina maneno mawili."

"Muriel," Trevor akanong'ona, lakini kipaza sauti kikamnasa, "mpenzi wangu, umechoka. Keti."

"Nimeketi miaka ishirini na miwili."

Watu wakacheka kidogo. Wakadhani ni utani wa mke na mume.

Akanipungia mkono. Nikapita katikati ya meza, nikapanda. Akasimamisha zile picha mbili mbele yao, yangu kulia, yake kushoto. Kimya kilianzia meza za mbele kikasambaa hadi nyuma, kadiri kila meza ilivyoelewa.

"Huyu ndiye mwenye kichwa," Muriel akasema, mkono wake begani kwangu. "Mimi ndiye mwenye mwili. Na yule pale," akamnyooshea Trevor kidole, "ndiye mwenye wembe uliotukata."

Nilimtazama usoni. Nilikuwa nimelisubiri hilo kwa miezi miwili na sikutaka kupepesa. Akanitazama mimi, akamtazama mkewe. Kwa mara ya kwanza hakupata "mpenzi wangu" hata moja.

Muriel akashuka hadi kwenye meza yao, akaitumbukiza medali ndani ya supu ya mumewe. Tukatoka. Nyuma yetu bwana mwenye ile kampuni ya matairi alikuwa amesimama, mwekundu kama nyanya, anauliza, "Fairclough, umeniuzia nini?"

Gazeti la mji liliandika habari nzima. Siku hiyo baba aligonga mlango wa chumba changu, gazeti mkononi. Alisimama pale akikohoa. Hakusema samahani. Alishuka, akaenda kununua samaki na viazi vya watu wawili, akapanga sahani mbili mezani.

Trevor alifukuzwa chamani, na studio yake ikafa kabla ya Krismasi. Muriel alimwacha. Mwaka uliofuata nikasikia Trevor yuko Blackpool, mji wa pwani, anawapiga picha watoto wa watalii wakiwa juu ya punda. Nilipanda basi kwenda kumwangalia tu. Nilinunua aiskrimu, nikakaa kwenye benchi saa mbili nzima. Punda alimjambia mara moja. Sijawahi kula aiskrimu tamu vile.

Lakini sitakudanganya kwamba hadithi iliishia hapo.

Wale akina mama wa Alhamisi hawakurudi kwa Muriel. Hata mmoja. Maua ya madhabahuni akapewa mwingine. Trevor ndiye aliyemwibia, ni kweli. Aliyemfichua mbele ya wenzake ni mimi.

Leo Muriel ana miaka themanini na saba. Mimi ndiye ninayempeleka hospitali, kumnunulia mahitaji, kumkata kucha. Ni rafiki yangu kuliko mtu yeyote duniani. Mwezi uliopita nikajikaza, nikamwuliza jambo ambalo sikuwahi kuthubutu kwa miaka arobaini.

"Muriel, ulishanisamehe ile Alhamisi?"

Akafikiri. Kweli alifikiri.

"Bado," akasema. "Mimina chai, itapoa."

Nami nikamimina.

Kisasi kitamu, asikuambie mtu. Sijutii hata tone la ile supu. Ila kabla hujaurusha mshale, hakikisha unajua nani amesimama kati yako na adui yako. Adui atakulipa siku moja mkamalizana. Yule wa katikati utamlipa wewe, maisha yako yote.