Siku Baba Alipokataza Kilio

Mwanangu, ipo asubuhi moja ya kijijini kwetu Marambo ambayo haijapata kunitoka kichwani, ingawa siku hizi nasahau hata mahali nilipoweka miwani. Nimekuwa nikiahirisha kukusimulia kwa sababu inamhusu babu yako, na babu yako nilimpenda kuliko mtu yeyote. Lakini wewe sasa una nyumba yako na heshima yako hapa Ruangwa, na mimi sina umri wa kuendelea kungoja. Kaa kidogo. Simu hiyo iweke chini, haitakimbia.

Babu yako Selemani, baba yangu mimi, alikuwa boi wa Mzungu. Usikunje uso, enzi zile neno lilikuwa hilo. Wazungu walipokuja Nachingwea kulima karanga kwa matrekta, yeye alipata kazi nyumbani kwa bwana mmoja, kwanza kufua na kupiga pasi, baadaye kupika na kusimamia nyumba nzima. Karanga ziliwashinda, matrekta yakaota kutu, lakini bwana yule alibaki na kazi nyingine ya serikali mpaka karibu na uhuru. Alipofunga mizigo kurudi kwao alimwachia baba suti ya kijivu, tai, kofia ya pama na jozi ya viatu vilivyomzidi kidogo mguuni. Alimwachia pia namna ya kuishi, na hiyo ilimkaa baba vizuri kuliko suti.

Mengi katika namna hiyo yalikuwa mazuri, nitakuwa mnafiki nikisema vingine. Baba hakupata kumpiga mama wala kumpandishia sauti. Akisema atafika adhuhuri, adhuhuri unamwona. Njiani alimtanguliza mama mbele, na ndoo ya maji ikiwa nzito aliibeba yeye begani, amevaa tai, watoto wa kijiji nyuma yake wanakufa kwa kicheko. Akikutana na mwanamke yeyote, hata bibi kizee wa kuuza ugoro, alivua kofia na kuinama kidogo. Mara ya kwanza alipomvulia Bi Fatu, jirani yetu na shoga wa mama, Bi Fatu aligeuka kuangalia kama kuna mkuu wa wilaya nyuma yake. Kijiji kizima kikambatiza jina la Jentlemani, na yeye akaitika bila kinyongo.

Ugumu ulikuwa kwenye nyumba. Bwana wake alimwambia kwamba huko kwao hata askari wa serikali hapiti mlango wa mtu mpaka mwenyewe akubali, na kwamba mwanamume anayejiheshimu husimama penye kizingiti chake akawalinda waliomo ndani. Kwetu, mwanangu, mambo hayakuwa hivyo. Njia ya kisimani ilipita katikati ya uwanja wetu. Wanawake walitua ndoo zao pale, wakaomba moto wa kuwashia jiko, wakaonja mboga, wakaniamulia niolewe na nani. Mtu akisema hodi alikuwa ameshaingia.

Baba alipanda minyaa kuzunguka kiwanja chote, akaifunga ile njia, akatengeneza geti la mbao. Pembeni ya geti akaning'iniza ringi ya gari na chuma cha kugongea. Mwenye shida agonge, asubiri. Aliyepita bila kugonga, baba alimwendea na fimbo mkononi, bila kuiinua, akamwambia kwa upole, "Samahani sana, bwana. Hapa ni kwangu. Rudi ugonge, nitakukaribisha kwa furaha." Na kweli alikaribisha, tena kwa chai kwenye kikombe chenye kisahani. Lakini nani agonge chuma kijiji kizima kisikie, eti anaomba chumvi?

Watu hawakugombana naye. Walipunguza tu, leo huyu, kesho yule, mpaka ikawa siku nzima inapita hakuna aliyekuja. Zamani mama na Bi Fatu walitwanga kwenye kinu kimoja, huyu na mchi wake, huyu na mchi wake, na maneno yao katikati. Baada ya minyaa kukua, mama alitwanga peke yake. Nilijaribu kushika mchi wa pili, nikaweza, ila yale maneno ya kutwangia sikuwa nayo. Siku moja nilimsikia akimuuliza baba jikoni, "Selemani, unatulinda na nani?" Baba akajibu kwamba analinda heshima yake. Mama akaendelea kuchambua mbaazi.

Mimi nilikuwa mwali, nimetoka unyagoni si zamani, mama aliposhikwa na homa. Aliugua muda mfupi. Alfajiri moja ya wakati wa palizi nilimwona baba akimfunika uso kwa khanga, taratibu, halafu akabaki ameinama vile vile, mkono juu ya khanga. Nikajua.

Unajua kwetu mtu akifa inakuwaje. Mwanamke wa nyumba ile anatoka uwanjani anapiga kilio. Hakuna mwaliko wala tangazo. Anayesikia anatupa jembe lake anakuja, na akija anajua kazi yake. Wanawake wanachota maji ya kuosha, wanaume wanashika majembe kwenda makaburini, wengine wanatandika mikeka. Basi nikakimbilia mlangoni, nikafungua mdomo, na baba akanishika bega. Hakunishika kwa nguvu. Akatoa leso mfukoni akanipa.

"Hapana, mwanangu," alisema. "Sisi hatutapiga kelele. Tutamlilia kwa heshima."

Akaoga. Akavaa ile suti, akafunga tai mbele ya kioo, akaifungua, akaifunga tena. Akatoka hadi getini akagonga ringi, polepole, kwa kituo, namna alivyosikia kengele ikigongwa siku Wazungu walipomzika mwenzao. Kisha akarudi akakaa kwenye kiti barazani, kofia kichwani, kungoja watu.

Nilikuja kuambiwa baadaye kwamba majirani waliisikia ringi. Walisema, Jentlemani leo ana mgeni.

Jua likapanda. Mimi nilikaa ndani na mama, nikimpepea nzi kwa upande wa khanga, na kupitia mlangoni nilimwona baba mgongo wake. Watu walipita nje ya minyaa na majembe yao kwenda mashambani. Walimwona amekaa, wakampungia mkono. Bi Fatu naye alipita, na baba akasimama, akavua kofia, akainama kidogo kama kawaida yake. Bi Fatu akaenda zake. Sikuelewa, na mpaka leo sielewi sawasawa, iweje mtu asimame amvulie kofia jirani yake halafu neno lisitoke. Nilimwambia, "Baba, niende nikawaite." Akasema, "Mtoto hatumwi kuwaombea wazazi wake huruma. Watakuja wenyewe, wameshasikia."

Ilipofika adhuhuri hakuna aliyekuja. Nilianza kuogopa. Maiti haingoji kwenye joto la Nachingwea, na mama alistahili kuoshwa na kuzikwa kabla jua halijazama. Nani angemwosha? Mimi sikuwa naijua hata dua ya kuanzia. Nani angemchimbia? Baba peke yake, na suti ile? Nilimtazama mama, nikaona kwamba tutashinda naye hivi hivi, sisi watatu, ndani ya ua wetu, watu wakipita. Mwanangu, nimepata misiba mingi tangu siku ile, babako mwenyewe nimemzika, lakini upweke wa mchana ule sijaupata tena. Baba alikuwa hatua chache tu kutoka kwangu na sikuweza kumfikia.

Aliyetuokoa ni shangazi Asumini, dada mkubwa wa baba. Alitoka Chiola kwa miguu kuja kumwona mgonjwa, hana habari. Hakugonga ringi. Alisukuma geti kwa goti, kapu kichwani, akaita hodi akiwa tayari katikati ya uwanja.

"Mgonjwa wetu kaamkaje?"

Baba akasimama, akavua kofia. "Dada, Somoe ametutoka alfajiri."

Shangazi alitua kapu. Akatazama uwanja mtupu, akatazama mafiga ya baridi, akamtazama baba kuanzia viatu mpaka tai.

"Watu wako wapi?"

"Nimegonga kengele. Hawakuja."

"Kengele?" Shangazi alikuwa mwanamke wa sauti, lakini neno hilo alilitamka chini kabisa. "We Selemani. Mkeo kafa, wewe umegonga chuma, ukakaa? Watu watajuaje? Wamekuona umevaa vizuri, umekaa kivulini. Umewafundisha mwenyewe wasiingie mpaka waitwe, sasa unangoja waingie bila kuitwa!"

"Mwanamume halii hadharani, dada."

"Nani kakwambia? Yule bwana wako? Yeye alipofiwa alikuwa na wenzake wa kumzikia mtu wake. Wewe wa kukuzikia ni hawa unaowavulia kofia. Toka nje ulie."

Baba alifungua mdomo. Alijaribu kweli, nilimwona. Hakuna kilichotoka. Akamtazama dada yake, macho makavu, akasema, "Siwezi. Sijui tena namna ya kulia." Hapo nilimhurumia kuliko nilivyomhurumia mama, Mungu anisamehe.

Shangazi alinigeukia. Akaniita, "Mwali, njoo." Akanishika mkono mpaka katikati ya uwanja, akatupa kilio, na mimi nikafuata. Sikujua kwamba nina sauti kubwa kiasi kile.

Hawakuja kwa geti. Walikuja kutoka kila upande, na walipoikuta minyaa waliikata kwa mapanga na majembe waliyokuwa nayo mkononi, wakapita, utomvu mweupe umewarukia nguoni. Bi Fatu alikuwa wa kwanza. Aliingia ndani, akamwona shoga yake, akatoka. Akamwendea baba akamshika koti kifuani kwa mikono miwili yenye udongo.

"Nimepita hapa asubuhi!" alisema. "Nimepita, Selemani, ukanivulia kofia! Somoe amelala ndani, na wewe unanivulia kofia!"

Wakati ule ndipo baba alipolia. Hakuvaa tena uungwana wowote, alilia kama watu wote wanavyolia, na wanaume wakamkalisha mkekani wakamfungua tai ili apumue. Mama alioshwa na Bi Fatu na shangazi. Alizikwa jua likiwa bado lipo, watu wengi, na wanaume walilala uwanjani kwetu mpaka matanga yakaisha.

Baba aliendelea kuvaa suti yake na kuwavulia wanawake kofia mpaka uzee wake. Minyaa hakuipanda tena. Njia ya kisimani ilirudi katikati ya uwanja, wanawake wakarudi na ndoo zao, moto ukaombwa, chumvi ikaombwa. Lakini mama hakuwepo kuwapokea, na mara nyingi nilimkuta baba amekaa kando ya kinu anawasikiliza wakiongea. Alikuwa amechelewa, na alijua.

Sasa nikugeukie wewe. Umenijengea chumba kizuri na choo cha ndani, na nakuombea kila sala. Ukuta wako ni mrefu, juu umepanda vipande vya chupa, na kila asubuhi ukiondoka na suti yako unaniambia, "Mama, usimfungulie mtu." Najua wezi wapo. Sikwambii ubomoe. Ila mkeo yuko kazini, wewe uko kazini, na mimi nakaa barazani tangu chai mpaka magharibi nikisikiliza watu wa upande wa pili. Yuko mama mmoja pale ana kicheko kizuri sana. Najua siku akiwa na furaha, najua na siku mumewe akirudi amelewa. Sura yake sijaiona. Juzi alikohoa mchana kutwa, nikamwambia pole kutoka huku ndani, nadhani hakusikia. Mwanangu, nina upweke. Nalisema wazi kwa sababu niliona kilichompata mtu asiyesema.

Basi shika haya. Vaa vizuri, ni heshima kwako na kwa anayekutazama. Mkeo mheshimu, mbebee ndoo, usimpandishie sauti, babu yako katika hilo hakukosea hata kidogo. Nyumba yako ilinde, lakini majirani wakujue kabla hujapata shida, wala usingoje wao waanze. Nenda kwenye misiba yao hata kama jina la marehemu hulijui. Siku moja moja fungua geti, waambie hao mama wa mtaani waingie wanione, mimi ugali nitasonga. Na ukiumizwa na jambo, sema, lia. Machozi hayamwondolei mwanamume kitu.

Na siku yangu mimi ikifika, usianze na simu. Usikae kuwatafutia watu maneno mazuri ya kuwaandikia. Fungua geti lote, mabawa yote mawili, utoke barabarani ulivyo, hata bila viatu, upige kilio. Watu wa mtaa huu hawanijui jina, ila kilio wanakijua. Watakuja. Waache waingie mpaka ndani.

Mwenyezi Mungu akuhifadhi wewe na mkeo, akupe watoto wanaorudi nyumbani na magoti yenye vumbi la kwa majirani. Akujaalie uzee wa katikati ya watu, na asikuache hata siku moja ukafiwa kimyakimya. Amina, mwanangu.