Kazi Aliyoichagua Marlys Hruska

Mama yake alipofariki, mwezi wa pili, Marlys Hruska alibaki na miaka yake thelathini na mitatu na nyumba ya vyumba vinne, vitatu havina wa kuingia. Alikuwa amemuuguza mama miaka sita. Mchana alipima malori ya mahindi kwenye ghala la nafaka la mji wao, huko Nebraska, peke yake ndani ya kibanda cha mizani. Madereva walimpungia mkono kupitia kioo, wakachukua karatasi zao, wakaenda zao. Zilikuwapo siku alizofika jioni hajatamka hata maneno kumi.

Mwezi wa nne akaingia ofisi ya kuandikisha askari wa akiba, jirani na duka la piza. Sajini Tolliver, mtu mcheshi, akampa mtihani, na wiki iliyofuata akampokea kwa makofi.

"Dada, umetuaibisha sote! Kwa alama hizi chagua upendacho. Mimi ningekuwa wewe, ningeenda kwenye kompyuta. Kazi safi, unakula kiyoyozi."

Marlys akaitazama orodha. "Afande, kati ya hizi ni ipi watu huifanya pamoja?"

Tolliver alianza kucheka, kisha akamwangalia usoni, akaacha.

"Udereva," akasema taratibu. "Mnakwenda wawili wawili. Jikoni nako kelele tupu, mtacheka mpaka mbavu ziume."

"Na hii?"

"Kukunja parachuti? Hiyo haichangamshi mtu. Kila mmoja na meza yake, na ukiwa unakunja hakuna wa kukusemesha, maana ukikosea kamba, mwenzako hatui, anaanguka. Na mkunjaji lazima naye aruke, kwa parachuti aliyoikunja mwenyewe. Nenda ukafikiri wiki nzima. Ukishatia saini, imetoka hiyo."

Kule ghalani, bosi wake, Gus Pelster, alishika kiuno. "Kuruka? Wewe? Ngazi ya ghala tu unaipanda umefumba macho!"

"Nafumba moja."

"Basi nenda jikoni, angalau utatuletea keki."

Dada yake, Verna, aliyehamia Arizona zamani, alimwambia kwenye simu, "Chukua kompyuta, mdogo wangu. Ukihitimu una kazi popote, hata huku."

"Huko kwako?"

"Popote, nimesema."

Jumapili Marlys akaenda kusaidia kupika chakula cha mchana cha kanisa, ajipime. Wanawake sita walimenya viazi huku wakisimuliana habari za wajukuu na magonjwa. Kila alipopata neno la kutia, mazungumzo yalikuwa yameshahamia kwingine. Hakuna aliyemtenga; walimpa kisu kizuri na kiti karibu na dirisha. Alirudi nyumbani mpweke kuliko alivyotoka.

Jumatatu akamwambia Tolliver, "Parachuti."

"Una hakika?"

"Kuzungumza kumenishinda, afande. Lakini mikono yangu imezoea kumtunza mtu."

Tolliver akafungua fomu. Akamsogezea kalamu.

Mafunzo yalimtoa jasho na machozi. Siku ya kuruka, aliruka macho yote mawili yamefumbwa. Alipotua, mkufunzi aliandika namba yake akamwita mwingine. Baada ya hapo, kila mwezi, mwisho wa juma mmoja, aliendesha gari kwa muda wa saa mbili hadi kambini, akasimama mezani kwake, akakunja, akaandika jina lake kwenye kijitabu cha kila parachuti.

Mwezi wa tisa wa mwaka uliofuata akaruhusiwa kusimama kando ya uwanja wa kutua, siku parachuti alizozikunja zilipotumika. Ndege ikapita, watu wakaanza kumwagika, na Marlys akahesabu vitambaa vikifunguka kimoja kimoja mpaka arobaini na viwili. Akakaa chini kwenye majani. Askari walikusanya vifaa, wakavitupa lundoni, wakapanda mabasi wakitaniana. Hakuna aliyetazama upande wake.

Usiku akampigia Verna. "Wametua wote."

"Kina nani?"

"Siwajui majina."

Verna akacheka, akasema ana chungu jikoni, atapiga baadaye. Hakupiga. Marlys alikaa na simu mkononi hadi chai ikapoa, akaimwaga, akaenda kulala. Mwezi wa kumi akarudi kambini, akaomba apewe meza ileile.