Chupa Tupu za Mama Hortense

Watu wa Kenya, si ile nchi bali komini yetu hapa Lubumbashi, wanapenda kusema kwamba Mama Hortense ana kichwa kigumu. Mimi Agnès, ninayechoma michopo mbele ya mlango wake, nyama ya mbuzi na pilipili ya kutosha, nawajibu hivi: kimekuwa kigumu kwa sababu kimegongwa sana. Asiyetaka kusikia maneno yangu akale kwingine.

Baba yake alikuwa mtu wa reli, ametoka upande wa Kabalo, Mkatoliki wa kupiga magoti hadi suruali inatoboka. Hortense aliolewa na mchomeleaji vyuma, mtu mpole, ambaye kifua kilimuua mapema. Hata maua ya kaburini hayajakauka, ndugu za mume walifika na gari. Wakachukua kitanda, wakachukua redio, wakachukua hata mapazia. Walipofikia friji, ile kubwa ya kulala, Hortense akapanda akakaa juu yake, miguu inaning'inia, rozari mkononi. Wakamsukuma kwa maneno, wakamtishia, wakamwita mchawi. Akasali mafungu yote matano kwa sauti, akaanza upya. Jua lilipopungua nguvu wakachoka, wakaondoka bila friji.

Friji ile ndiyo iliyozaa baa. Kwanza aliuza munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, na maji baridi, baadaye bia. Ni baa ya uani tu, katika lupango, kiwanja chake mwenyewe: bati juu, viti vya plastiki, muziki wa kadiri. Sheria zake ni zake. Mwenye sare ya shule haingii. Hakuna kunywa leo na kulipa mwisho wa mwezi. Mwanamume anayemtukana mkewe kwenye simu anatolewa nje na simu yake. Na watu walikuja, kwa sababu walijua kwa Hortense chupa ni baridi na bei ni moja kwa wote, mwenye kofia na asiye na kofia.

Sasa sikilizeni mambo ya ushuru.

Jumapili moja redio ilitangaza kwamba Leta, yaani serikali yetu, imepunguza ushuru wa bia inayopikwa hapa nchini, ili mwananchi apate nafuu. Mwananchi. Mimi nikisikia neno hilo redioni huwa nashika mfuko wangu. Lakini wanaume walifurahi kama watoto. Baada ya misa wakajaa uani, na mbele yao Floribert, fundi wa magari, mteja wa miaka yote, mdomo mkubwa kuliko karakana yake.

"Mama Hortense," akasema, "leta beyi mupya."

"Beyi mupya gani?"

"Ile Leta imesema. Takse imeshuka."

"Imeshuka kwenye redio," Hortense akajibu. "Ku depo haiyashuka. Miye ninauza vile ninanunua."

Floribert akageukia wenzake, akafungua mikono kama yuko mahakamani. "Munasikia? Leta inatoa, Mama anameza."

Wakacheka. Hicho kicheko ndicho kilichoharibu kila kitu, maana neno likichekewa linatembea. Kufikia katikati ya juma, mtaa mzima ulikuwa unajua kwamba Hortense anakula ushuru wa watu. Viti vikabaki vitupu. Nyama yangu pia ikabaki, na nyama iliyobaki inaninunisha sana, siwezi kuwaficha. Kisha akafa mzee wa barabara yetu wenyewe, nyumba ya nne kutoka kwa Hortense. Desturi yetu inajulikana: kukiwa na kilio, familia inachukua vinywaji vya waombolezaji kwa jirani anayeuza. Safari hii walipita mbele ya mlango wake na mkokoteni, wakaenda kununua kwingine. Hortense alikuwa amesimama pale pale, hata kitambaa cheupe cha kwenda kuomboleza alishakifunga kichwani. Aliwatazama mpaka wakapinda kona.

"Agnès," akaniambia, "beyi si kitu. Mais kuitwa mwizi, kwa hiyo sitakaa kimya."

Alienda kwenye kilio vilevile, akaketi na wanawake wengine, akaimba. Lakini nilimwona anauma mdomo.

Kesho yake tulikwenda depo pamoja. Depo ni ya patron Zéphirin, mtu wa viatu vinavyong'aa hata wakati wa mvua. Yeye ndiye anayepokea bia ya kiwanda na kutugawia sisi wa mtaani. Hortense alimsalimia vizuri, akamuuliza kuhusu watoto, halafu akauliza kuhusu bei.

Zéphirin akacheka kwa upole. "Mama, takse imeshuka kule Kinshasa. Mpaka ifike huku, njia iko mrefu. Kiwanda imeshusha kidogo tu. Kuko na transport. Kuko na dola. Na bia iko humu nilinunua na beyi ya zamani."

"Bia ya zamani itaisha lini?"

"Itaisha wakati itaisha."

"Na wakati takse inapanda," Hortense akauliza, "bia ya zamani inakuwaka wapi? Sababu beyi inapandaka siku ile ile."

Zéphirin akamgeukia mfanyakazi wake na kuanza kufoka: lori la kiwandani linaondoka mchana, vidange ziko wapi, banamama hawa wanachelewesha vidange kila juma.

Niwaeleze jambo hili, maana ndilo lenye uzito. Huku kwetu bia hainunuliwi kwa makuta peke yake. Ukienda depo bila vidange, ndivyo tunavyoita chupa tupu, unarudi bure hata ukibeba gunia la pesa. Kreti tupu inaingia, kreti iliyojaa inatoka. Na depo nayo iko vivyo hivyo mbele ya kiwanda: lori lisipopeleka chupa tupu, halipakii chochote. Kwa hiyo chupa ile mnayoitupa chini ya meza mkishakunywa, wengine mnaipiga teke, ndiyo kamba inayomfunga tajiri na maskini pamoja.

Hortense alikuwa amekuja na mkokoteni wa vidange. Nilimwona anautazama. Akamwambia msukumaji, "Geuza. Turudi nayo nyumbani."

"Mama, unafanya nini?" Zéphirin akauliza.

"Vidange ni yangu, kila moja nililipia. Itarudi huku siku beyi itashuka."

Zéphirin akatikisa bega. Mwanamke mmoja na mkokoteni mmoja, nani angeogopa? Lakini alisahau kitu. Wanawake wenye baa za mtaa wetu wana likelemba, kila mmoja anachanga na mmoja anapokea kwa zamu, na watu wanaochanga pamoja wanajua siri za mifuko yao. Siku ile ile Hortense aliwaita. Wote walikuwa wameshaitwa wezi na wateja wao, kila mmoja akidhani ni yeye peke yake. Gaëlle, mdogo kuliko wote, mwenye ulimi mwepesi, mtunza pesa wa likelemba, ndiye aliyesimama wa kwanza.

"Yaya Hortense," akasema, kama kwa dada mkubwa, "vidange yangu nitaleta kwako leo. Nikibaki nayo nitaogopa, nitaiuza."

Nilimpenda siku ile. Alivileta mwenyewe, kreti kichwani, anakwenda na kurudi. Wengine wakafuata. Chumba cha Hortense kikajaa mpaka dirishani, naye akawa analala kwenye kiti uani, kwa sababu kitanda kilikuwa kimezungukwa na chupa. Baa zikafungwa. Wanaume wakatembea mtaani wameinamisha vichwa, wakaanza kuonana na wake zao mchana. Floribert alikuja kunigombeza mimi, ati nimwambie rafiki yangu aache siasa. Nikamuuliza si yeye aliyetaka bei mpya? Basi angoje, inapikwa.

Kulikuwa na vitisho. Walikuja watu wawili wenye kofia na karatasi, wakasema chupa ni mali ya kiwanda na kuzificha ni kosa. Hortense aliwapa viti, akawauliza ni tribunali gani iliyowatuma. Akawauliza majina. Wakakumbuka wana kazi nyingine.

Halafu, mchana mmoja wa joto, Zéphirin akaja mwenyewe. Gari aliliacha kona ya barabara, ili lisionekane. Akapita mbele ya mbabula yangu, jiko langu la makaa, bila hata kunisalimia, akaketi uani, akaomba maji. Mimi nilikuwa hatua chache tu nje ya ukuta, na masikio yangu sikuwa nimeyafunga.

"Mama Hortense," akasema chini chini, "siye bawili ni bantu bakubwa. Tumalize. Weye peke yako nitakushushia beyi, sawa vile kiwanda ilinishushia. Mais usiambie bale bengine. Bao bataendelea na ile ya zamani. Weye utauza na faida, bateja bako batarudi, na hakuna muntu atakuita mwizi tena."

Nikaacha kugeuza nyama. Ilikuwa ofa tamu, tusidanganyane. Mwanamke hajauza kitu kwa siku ngapi, analala kwenye kiti, na anaambiwa jina lake litasafishwa kuanzia kesho. Mimi ningefikiri mara mbili, na mara ya pili labda ningekubali.

Nikasikia kiti kinasogezwa. Kisha akatokea mlangoni, kipande cha mwanamke, akashika kiuno, akapaza sauti ile anayoimbia misa.

"Agnès. Ita banamama bote. Patron Zéphirin amekuja na habari muzuri. Anashusha beyi kwa kila mutu, sawa vile kiwanda ilimushushia."

Barabara yetu haihitaji kuitwa mara mbili. Wanawake wakatoka, wanaume wakatoka, kinyozi akatoka na mteja mwenye nusu ya ndevu. Zéphirin akasimama nyuma ya Hortense, uso umebadilika rangi.

"Mama, haina vile nilisema."

"Haina vile?" Hortense akamgeukia taratibu. "Basi ubaambie vile ulisema. Bote wako hapa."

Zéphirin angesema nini? Kwamba alikuja kujificha uani kwa mjane ili amnunue? Watu walikuwa wameshaanza kupiga makofi. Mmoja akamshika mkono, akamwita baba. Zéphirin akatazama kona, lilipo gari lake, akaona ni mbali.

"Kuanzia kesho," akasema. "Kwa bote."

Na alishusha, sitamnyima haki yake. Kesho yake asubuhi mikokoteni ilitoka kwa Hortense mmoja baada ya mwingine, chupa zinagongana, barabara nzima inasikia. Hortense alirudi na bia, akaipanga kwenye friji, akashusha bei yake sawasawa na alivyoshushiwa. Hakubakiza kitu. Nilimwambia abakize hata kidogo, maana amepata hasara kubwa. Akanitazama mpaka nikarudi kwenye nyama yangu.

Jioni jua likiwa bado juu ya mabati, Floribert aliingia. Alikaa ukingoni mwa kiti.

"Mama, miye nilikuwa nasema tu."

"Ulisema na kinywa yako yote, Floribert. Kunywa."

Akanywa, akalipa, akatazama chenji, akatabasamu. Kisha akasema, bila ubaya wowote, "Weye kweli umeshusha. Mais nimetoka ku kwa Gaëlle sasa hivi. Nimelipa beyi ya zamani."

Hortense aliweka chini kitambaa cha kufutia meza. Akavaa viatu, akatoka, nami nikamfuata, mbabula nikaiacha ikiwaka, Mungu anisamehe, na Floribert nyuma yetu.

Kwa Gaëlle kulikuwa kumejaa. Watu walikuwa na kiu ya siku zile zote, walilipa bila kuuliza. Hortense akachukua meza ya katikati, akaagiza chupa kama mteja yeyote. Gaëlle akaileta mwenyewe, macho chini.

"Beyi ngapi?" Hortense akauliza, na watu wakapunguza maneno.

"Yaya, unajua. Tulifunga siku mingi. Batoto banarudi ku masomo. Wacha nijirudishie kidogo, kisha nitashusha."

"Kisha lini?"

"Kisha tu."

"Maneno hii nilishaisikia ku depo," Hortense akasema. "Ulibeba kreti ku kichwa, Gaëlle. Nilikuona. Ulibeba sababu ya hii?"

Hortense akafungua chupa, akanywa funda moja, akatoa pesa. Ilikuwa bei mpya, kamili, haikuzidi hata noti moja chakavu. Akaiweka mezani, akaibana kwa chupa, akakunja mikono kifuani.

"Makuta yangu ndiyo hii. Kama haitoshi, ita polisi. Miye niko hapa."

Hapakuwa na aliyecheka. Floribert akasogea, akasimama kando ya ile meza, akanyoosha kiganja chake cheusi cha oili. "Na miye, Mama Gaëlle. Unirudishie yangu."

Kiti kikasogea nyuma. Mwingine akainuka, halafu mwingine. Gaëlle akatutazama, mmoja mmoja, akaishia kwa Hortense. Kisha akainamisha kichwa, akashika ncha ya kitenge chake, akaanza kufungua fundo la pesa.