Mama wa Malaba Aliyeugua Kwenye Sinema

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi ukungu haujainuka juu ya Mto Malaba, na malori yamejipanga kutoka lango la forodha hadi karibu na stesheni ya reli. Perez Atyang ameshafunua sufuria ya pili. Anachota mchuzi, anaweka kipande cha samaki aina ya ngege katikati ya sahani, ananyoosha mkono, na dereva aliyekaa kwenye benchi anaipokea.

Dereva huyo ni mgeni. Anakula nusu ya chakula, anamtazama mama kwa jicho la pembeni, anaitazama sahani yake, kisha anamwinamia jirani yake na kumuuliza kitu kwa sauti ya chini.

"Ndiye," anajibu Jacktone Orwa bila kuacha kutafuna. "Kula tu, boss. Mimi nakula hapa miaka sita na bado naendesha tanki."

Perez amesikia. Anamwongezea yule mgeni mchuzi bila kuombwa, anapangusa mikono kwenye leso na kurudi kwenye moto.

Mwezi wa Mei mwaka huu wa 1978, benchi hilo lilikuwa tupu. Mama aliyekuwa akiuza sahani arubaini kwa siku alikuwa akiuza tano, na siku nyingine akirudi nyumbani na sufuria nzima kichwani. Hakuwa ameugua, wala chakula chake hakikuwa kimemdhuru mtu. Alikuwa ametokea kwenye sinema.

Perez ana umri wa miaka thelathini na minane. Alizaliwa upande wa Amukura, akaolewa Malaba na Egwang, fundi wa njia ya reli, na wamejaliwa watoto wanne. Alianza kwa kuuza uji wa wimbi, baadaye akaongeza ugali na samaki, na madereva wanaosubiri karatasi zao za forodha wakamzoea. Kibanda chake ni cha miti na mabati, kina mabenchi matatu, na wateja wanakiita hoteli.

Mmoja wa wateja hao alikuwa Mbarak Osman, mwenye studio ya picha mjini Busia. Kwa miaka mingi Mbarak alipiga picha za harusi na za vitambulisho, mpaka padri mmoja aliyekuwa anarudi kwao akamwachia kamera ya sinema. Kuanzia siku hiyo, wanasema wanaomjua, hakulala tena kama watu wengine. Alitaka kutengeneza filamu ya kutisha, filamu ya hapa mpakani, yenye watu wa hapa.

Filamu ikaitwa Homa ya Reli. Hadithi yake ni hii: behewa la mizigo linafika Malaba, na ndani yake, katikati ya magunia, amejificha mgonjwa. Kila anayeguswa naye anatoka vidonda usoni, anasahau jina lake, na kuanza kutembea akitafuta wa kumgusa. Mtu wa kwanza kuguswa ni mama anayeuza chakula kando ya stesheni.

"Sikuenda mbali kumtafuta," anasema Mbarak. "Nilikuwa nakula kwake."

Walipiga picha wakati wa kiangazi miaka miwili iliyopita. Perez anasimulia kwamba alikubali kwa sababu alidhani ni kama kupigwa picha studio: unakaa, unatazama mbele, unaondoka. Mumewe naye alifikiri hivyo. Asubuhi ya kwanza Mbarak alifika na rangi za mafuta kwenye makopo, akawapaka waigizaji wote. Kufikia saa nne jua lilikuwa limeziyeyusha, na wagonjwa wa homa ya reli walionekana kama watu waliotoka kupaka rangi nyumba.

Perez hakupenda alivyoonekana. Alinawa uso, akachukua uji mzito wa muhogo uliobaki kwenye sufuria yake, akajipaka shavuni na kwenye paji la uso. Ulipokauka ulipasuka na kujikunja kama ngozi iliyoungua. Ndani ya nyufa alitia rangi nyekundu ya kupikia peremende, na chini ya macho akajipaka masizi kidogo. Mbarak alipomwona alirudi nyuma hatua moja, kisha akakimbilia kamera.

Katika sehemu yake Perez hakutakiwa kuzungumza. Alitakiwa kutoka jikoni akiwa ameshaambukizwa na kuwaendea madereva akinguruma. Yeye hakunguruma. Alitoka na sinia la chakula, akawaandalia madereva mmoja mmoja polepole, akijitahidi mkono usitetemeke, kisha akakaa chini. Anasema alimkumbuka mama yake mzazi, ambaye mwaka aliofariki alikuwa akiamka na homa kuwapikia, na akikataa kabisa watoto wajue.

"Niliona mgonjwa hapigi kelele," anaeleza. "Mgonjwa anajificha. Basi nikajificha."

Muziki ulipatikana, fedha za kusafisha filamu hazikupatikana, na muda ukapita. Perez alikuwa karibu kusahau. Pasaka ya mwaka huu ndipo Mbarak alipotangaza kwamba Homa ya Reli iko tayari, na kwamba ingeonyeshwa katika ghala moja tupu la pamba mjini Busia.

Watu walijaa. Walitoka Bumala, walitoka Funyula, na wengine walivuka kutoka upande wa Uganda. Perez na Egwang walikaa safu ya tatu, wamevaa nguo za kanisani.

Sinema yenyewe ilikuwa ya kuvunja moyo, na hakuna anayebisha, hata Mbarak. Sauti ilitangulia midomo. Mambo yaliyosemekana kutokea usiku yalikuwa na vivuli vya saa sita mchana. Mgonjwa wa kwenye behewa alikuwa amesahau kuvua saa yake ya mkononi, na kila alipomshika mtu ilimetameta. Kwa kuwa waigizaji walikuwa wachache, mwanamume mmoja mwenye shati la mistari alikufa mara tatu, na mara ya tatu ghala zima lilimhesabia kwa sauti. Ng'ombe alipita mbele ya maiti akitafuna.

Mbaya zaidi, filamu haikuwa na mwisho. Mkanda ulikuwa umemwishia Mbarak kabla ya hadithi kwisha, kwa hiyo kitambaa cha sinema kilionyesha picha moja ya reli, haisogei, huku sauti yake ikieleza kwamba daktari alifika na dawa na watu wakapona. Vijana walipiga miluzi. Waliokuwa wamelipa kiingilio walimfuata Mbarak mpaka mlangoni.

"Nilikuwa na hadithi ya saa mbili na mkanda wa dakika hamsini," anasema. "Ningewafanyia nini?"

Lakini mapema, kabla kicheko hakijaanza, palikuwa na dakika moja ambayo ghala lilinyamaza. Ilikuwa pale Perez alipotoka jikoni na sinia. Mwanamke mmoja aliyeketi nyuma yao alisema taratibu kwa Kiteso kwamba maskini, huyu naye angepelekwa hospitali. Perez anakumbuka kwamba aliposikia hivyo alifurahi. Hakujua kwamba hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Watu wa hapa wamezoea sinema ya gari. Kila baada ya muda gari huja na projekta, linafunga kitambaa uwanjani, na kuonyesha filamu za afya: ukoma, kichocho, macho yanayotoa usaha. Wagonjwa wa filamu hizo ni wagonjwa wa kweli. Kwa hiyo waliorudi kutoka Busia walibishana njia nzima, na hoja iliyoshinda ilikuwa rahisi. Wale wengine walijipaka rangi, kila mtu aliona. Lakini yule mama wa Malaba, vile vidonda ni vyake.

Kadiri filamu ilivyokuwa mbovu ndivyo Perez alivyoaminika kuwa mgonjwa.

Wiki ya kwanza walipungua mataniboi, wasaidizi wa madereva. Wiki ya pili wakafuata madereva. Waliegesha malori mbele zaidi na kumpungia mkono kutoka mbali, kwa adabu, kama mtu anavyosalimia nyumba yenye msiba. Jacktone Orwa mwenyewe alihamia kibanda kingine. Anakiri hivyo bila kuzunguka: alikuwa na mke na mtoto mchanga, na aliogopa.

Nyumbani nako mambo yaliharibika. Wenzake Egwang wa reli waliacha kupita kunywa chai. Binti yao wa tatu alirudi kutoka shule akasema amepewa dawati lake peke yake. Perez alikwenda hospitali ya misheni, akapimwa, akaambiwa hana tatizo lolote, na akarudi akiamini yamekwisha. Waliomsikiliza waliitikia kwa kichwa. Kesho yake hawakuja kula.

Kilichomkata maini zaidi ni Gaudencia. Gaudencia ni mchuuzi wa samaki kutoka Port Victoria. Miaka saba amemletea Perez ngege na kamongo, na alipojifungua mtoto wake wa mwisho ni Perez aliyemlaza kwake na kumkanda. Gaudencia aliacha kushuka kibandani. Alianza kutuma samaki kupitia mtu mwingine, na baadaye hakuwatuma tena.

"Wengine niliwasamehe hapo hapo," anasema Perez. "Huyu nilimlilia."

Mbarak alipopata habari alikuja Malaba na kipaza sauti. Alitaka kuzunguka na gari akitangaza kwamba ile ilikuwa sinema tu. Perez alimwambia aache: ukimtangaza mtu kwamba si mgonjwa, hata asiyejua ataanza kuuliza ni ugonjwa gani. Usiku ule walishauriana na mumewe. Egwang alitaka wahamie kwao ndani kijijini, walime muhogo, mpaka watu wasahau. Perez alikataa. Alisema kama uso wake ndio uliomponza, basi uso huo huo ndio ungejibu.

Siku ya soko iliyofuata alibeba kigoda, beseni la maji na sufuria ndogo, akaketi mahali wanapopita watu wote, kati ya wauza mahindi na wauza vyungu. Alianza kujipaka uji wa muhogo.

Watu walisimama. Kwanza watoto, kisha akina mama, kisha madereva waliokuwa wakinunua ndizi. Waliona uji ukikauka, wakaona akitia rangi nyekundu kwa ncha ya kijiti, wakaona masizi. Mbarak alikuwepo, amesimama nyuma ya watu, kipaza sauti chake kimezimwa. Perez alipomaliza aliinuka, akachukua sinia lenye vipande vya samaki, na akawaendea kama alivyotembea kwenye sinema.

Wakarudi nyuma. Walikuwa wamemwona akijipaka kwa macho yao, na bado walirudi nyuma, mpaka mama mmoja akaangusha chungu. Perez anasema aliendelea tu kutembea, kwa sababu kama hili halikutosha hakuwa na jingine.

Ndipo Gaudencia akatoka katikati ya watu. Alikuwa na kapu lake kichwani. Alilitua, akamwendea Perez, akanyoosha kidole, akabandua kipande cha kidonda shavuni mwake na kukitia mdomoni. Akakitafuna.

"Umesahau chumvi," akasema.

Kicheko kilichofuata kilisikika hadi forodhani. Perez alicheka huku analia, rangi ikimtiririka, na Gaudencia akamshika kichwa na kumwosha uso kwenye beseni kama mtoto, mbele ya watu wote. Chini ya uji ngozi ilikuwa laini kama ya siku zote. Samaki wote wa kwenye sinia waliliwa pale pale.

Wateja hawakurudi kwa siku moja. Jacktone alikuwa wa kwanza. Alifika ameinamisha kichwa, akaagiza sahani mbili, akazimaliza zote. Wengine walifuata mmoja mmoja. Wapo wasiorudi mpaka leo, na jirani mmoja aliyeazima benchi siku zile za ukimya hajalirudisha wala kulitaja. Kwa sasa Perez anauza sahani thelathini na kitu, na anaona si haba. Binti yake anaketi na wenzake. Gaudencia anashuka kila Jumanne na Ijumaa, na hujikalia jikoni mpaka saa ya kurudi.

Homa ya Reli haijaonyeshwa tena. Mbarak anasema mkanda uko ndani ya kabati studio, na hana haja ya kuutoa, isipokuwa ile dakika moja ambayo huitazama mara kwa mara peke yake. Sasa anakusanya fedha za filamu nyingine, safari hii kuhusu mama anayemtafuta mwanawe aliyevuka mpaka na hajarudi. Si ya kutisha. Amekuja Malaba mara mbili kuielezea, na mara zote mbili alikaa benchi lile lile.

Perez amemkubalia. Ametoa masharti kwamba kazi ifanyike baada ya mavuno, kwamba hadithi iwe imekwisha kuandikwa hadi mwisho kabla kamera haijawashwa, na kwamba yeye apewe maneno ya kusema. Wiki ijayo atakwenda Busia kusomewa maneno hayo.

Egwang, aliyekuja kuchukua chai yake kabla ya kuingia kazini, anatikisa kichwa. Amemuuliza mkewe zaidi ya mara moja kama baada ya yote yaliyowapata hakujifunza kitu.

"Nilijifunza," anasema Perez, akifunika sufuria. "Nilijua kumbe naweza."