Kisima cha Mama na Kilatini cha Karani

Mume wangu alikuwa karani wa boma hapa Kivinje, enzi za Mwingereza. Kabla ya hapo mapadri wa Kipatimu walimlisha na kumfundisha Kilatini ili awe mwenzao, naye akateremka pwani akasilimu, anioe mimi. Alisilimu kidogo. Kufunga kulimtia kizunguzungu, lakini ruhusa ya wake wanne aliijua kuliko mwalimu wa chuo cha Kurani.

Basi akaoa wa pili, binti wa kijiji cha Tingi, akampangia nyumba ya jirani. Maji ya huko yalikuwa ya chumvi. Matamu yalikuwa uani kwangu, katika kisima alichoniachia mama. Bwana akaamuru mwenzangu awe anateka hapo. Nikakataa. Nilimjua mume wangu: mtu akiteka kwa amri yake leo, kesho kisima ni chake.

Akanikalisha anisomeshe, kalamu sikioni. Mke mwenza, alisema, kwa Kiingereza ni *rival*, yaani mshindani. Neno lenyewe limetoka kwa Warumi: *rivus* ni kijito, na *rivalis* ni jirani anayetumia nawe kijito kimoja.

"Unaona? Asili yake ni ujirani, si ugomvi."

Nikamuuliza kama majirani hao hawakugombana. Akasema kitabuni hakukuona. Kasoma miaka yote hiyo, na hajui kuwa penye maji ya watu wawili hapakosi maneno!

Asubuhi binti akaja na debe, macho chini.

"Shikamoo, bi mkubwa."

Nilikuwa nimejiandaa kumfukuza. "Marahaba. Na wewe kakusomesha Warumi?"

"Tangu juzi. Nimechoka."

Nikacheka, Mungu anisamehe, nikampa kamba. "Teka utakavyo. Ila unateka kwa ruhusa yangu, si yake." Akaelewa mara moja, na hakuwahi kushika kalamu.

Jioni bwana hakukuta maji ya kuoga, si kwa mwenzangu wala kwangu. Akaja uani kufoka. Nikamwambia, "Neno lako lina majirani wawili na kijito. Mume hatukumwona humo." Mwenzangu akaongeza, kwa adabu zote, kwamba kisima cha sokoni hakina mwenyewe.

Akaenda. Maji ya sokoni sabuni haitoi povu. Kesho yake alishinda bomani akijikuna, shingo nyeupe kwa chumvi. Magharibi akapiga hodi mlangoni kwangu, ndoo mkononi, akaniomba maji kwa Kiswahili.