Mkoromo wa Kitanda cha Dirishani

Shangazi yangu hakuanzia uuguzi darasani, jamani. Alianza na ndoo. Alikuwa mfanya usafi wodini, na asubuhi moja, akipiga deki karibu na kitanda cha dirishani, akamsikia bibi mmoja anakoroma vibaya, kama maji yanachemkia kooni. Akamwambia muuguzi.

“Wewe piga deki. Kila mtu na kazi yake.”

Deki ilipokwisha, bibi alikuwa kimya. Kimya kile cha moja kwa moja.

Tangu siku hiyo, sufuria ikichemka nyumbani, shangazi hukimbilia kifuniko. Na akawa mtu wa shule. Chuo cha cheti kilikuwa na mgonjwa wa mazoezi, mwanasesere aliyeshonwa kwa gunia. Wanafunzi wakamfunga bendeji mpaka akafumuka. Baadaye, kazini wakampa ruhusa, akasomea stashahada. Huko mwanasesere alikuwa wa plastiki, mkono mmoja hana, wanafunzi wakimwita Mzee Nusu. Shangazi aliwapenda wote wawili. Hawakupumua, kwa hiyo hawakukoroma.

Mvi zimeshaingia, akaenda chuo kikuu kutafuta shahada, akaketi na watoto waliotoka sekondari juzi.

“Mama, si unayajua yote haya? Tuachie alama basi!”

“Alama chukueni, wanangu. Mimi niachieni kiti cha mbele, macho yamechoka.”

Mwanasesere wa huko alipumua. Siku ya mtihani wa vitendo, ambao ukifeli huna shahada, mwalimu akabonyeza kitufe, na kifua kile kikaanza kukoroma. Mkoromo ule ule. Shangazi akaganda, vidole vimekunjwa kana kwamba vimeshika mpini wa deki.

“Mama, muda unakwenda.”

“Ni kazi yangu,” akanong'ona. “Sasa ni kazi yangu.”

Akamgeuza ubavu, akamvuta makohozi kwa mrija, akamwinua kidevu. Mkoromo ukakatika. Kifua kikapanda, kikashuka.

“Umefaulu, mama. Mwache sasa.”

Hakumwacha. Alimshika mkono mpaka mwalimu alipozima mashine.

Juzi nilikwenda kwake kutaka ushauri: binti yangu anayetaka uuguzi aanzie wapi, cheti au shahada. Tulikuwa jikoni.

“Njia zote mbili zinafika,” akasema. “Anayeanzia chini huujua mwili wa mgonjwa mapema. Anayeanzia juu husikilizwa mapema.”

“Sasa wewe ungechagua ipi, shangazi?”

Chai ikaanza kutokota. Akainuka kabla ya kunijibu, akafunua sufuria, akasimama ameinamisha sikio juu ya mvuke mpaka ikatulia.